Hatia ya Hundi Isiyolipwa

Katika maandiko ambayo watu wa biashara hupeana, hundi ni fupi kuliko mengi na nzito kuliko mengi. Ina jina la benki, jina la mpokeaji, kiasi cha fedha kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, na sahihi. Mtu huiandika kwa muda wa pumzi chache, akaichana katika kitabu chake, akaitoa. Siku chache baadaye karatasi ile ile yaweza kurudi ikiwa na maneno ya benki yanayomtaka mpokeaji amwendee aliyeiandika, maana katika akaunti hamna fedha za kutosha. Hapo ndipo linapozuka swali: aliyeiandika hundi ile ametenda nini? Amesema uwongo, au amevunja ahadi, au ameshindwa tu kulipa deni? Mambo hayo matatu hukaa jirani sana, hata mtu mwenye hasira huyahesabu kuwa jambo moja. Lakini la kwanza ni ubaya wa nia, la pili ni upungufu wa uaminifu, na la tatu laweza kumpata mtu mwema kabisa.

Jina lenyewe la hundi limefika pwani ya Afrika ya Mashariki pamoja na wafanya biashara wa Kihindi. Kwao hundi ilikuwa barua ya fedha: mtu wa mji mmoja alimwandikia mwenzake wa mji mwingine amlipe mwenye barua kiasi fulani. Barua hiyo ilisimama juu ya jina zuri la aliyeiandika. Hundi ya benki inayotumika leo ni mtoto wa ukoo mwingine, lakini si ajabu kwamba watu waliipa jina la zamani, kwa kuwa nayo husimama juu ya jina.

Je, hundi husema nini hasa? Maneno yake yakisomwa kama yalivyo, hayamwahidi mpokeaji kitu cho chote. Hundi ni amri, na amri hiyo haielekezwi kwa mpokeaji bali kwa benki. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 juu ya hati za fedha, ambayo sheria ya Kenya, Sura ya 27, imefuata nyayo zake, ndiyo iliyotia ahadi ndani ya amri. Kwa sheria hiyo kila aandikaye hundi amejifunga kwamba italipwa itakapopelekwa benki ipasavyo, na kwamba isipolipwa atamfidia yeye mwenyewe yule aliye nayo. Kwa hiyo, kwa upande wa madai, jambo si gumu. Mwandika hundi atalipa kiasi kilichoandikwa, na faida ya muda uliopita. Hapana haja ya kuuliza moyo wake ulikuwaje siku ile. Ahadi ni deni, wasema Waswahili, na mithali hiyo yafaa isikilizwe kwa makini, kwa kuwa imechagua neno lake vizuri. Haikusema kuwa ahadi ni kosa la jinai.

Ugumu huanza pale mpokeaji anapotoka dukani kwake, akapita mlango wa mahakama ya madai asiingie, akaenda kituo cha polisi. Anataka mwenzake afungwe. Ili afungwe kwa haki, lazima iwe ametenda zaidi ya kushindwa kulipa, na hilo zaidi limetafutwa na mahakimu kwa muda mrefu. Mwaka 1874, katika shauri la mtu mmoja aliyenunua bidhaa kwa hundi huku akijua kuwa hazitalipwa, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba atoaye hundi hasemi kuwa fedha zimo benki saa ile ile. Anachosema ni kuwa hali ya mambo yake ni ya namna ambayo hundi italipwa katika mwendo wa kawaida. Maneno hayo ni ya busara. Mtu mwenye akaunti inayoingiza na kutoa fedha kila siku hawezi kuapa juu ya salio la saa fulani, lakini anaweza kujua kama hundi yake ina msingi au haina.

Sheria ya Kenya imelichukua jambo kwa njia yake. Kwa muda mrefu aliyetaka kumshitaki mtoa hundi alitegemea kosa la kupata mali kwa hila, ambalo katika kifungu cha 312 cha Kanuni ya Adhabu ni usemi wa uwongo juu ya jambo lililopita au lililopo. Jambo lijalo halimo. Baadaye kiliongezwa kifungu cha 316A, mahsusi kwa hundi mbaya. Kifungu hicho humtia hatiani mtu atoaye hundi akijua kuwa akaunti haina fedha za kutosha, au akijua kuwa akaunti imefungwa, au akiwa amekwisha iagiza benki isiilipe. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kisha kinafuata kijifungu kifupi ambacho wengi hukipita bila kukitazama: lile kosa la kwanza, la fedha zisizotosha, haliihusu hundi iliyoandikwa tarehe ya mbele.

Kijifungu hicho kidogo kina falsafa kubwa kuliko kifungu kizima. Na achukuliwe, kwa mfano, fundi wa samani mjini Nakuru aliyetengeneza madawati ya shule, naye anangoja malipo yake ya shilingi 200,000 siku ya Jumatano. Jumatatu anakwenda kwa mwuza mbao, anachukua mbao za shilingi 60,000, anaandika hundi yenye tarehe ya siku ile ile. Katika akaunti yake mna shilingi 4,000, naye anajua. Amekwisha piga hesabu kwamba hundi itafika benki baada ya malipo yake kuingia. Malipo yakichelewa wiki moja, hundi itarudi, na fundi, kwa herufi za kifungu, amepatikana: alijua kuwa fedha hazikutosha. Lakini lau angaliandika tarehe ya Alhamisi, kosa hilo lisingalimgusa. Fedha ni zile zile, mbao ni zile zile, tumaini ni lile lile. Tofauti ni tarehe.

Mtu wa haraka atasema kuwa huo ni mchezo wa wanasheria. Sivyo. Tarehe ya mbele ni usemi. Mwandika hundi anayeweka tarehe ya Alhamisi siku ya Jumatatu amemwambia mwuza mbao, bila ya kufungua kinywa, kwamba leo fedha hazipo. Mwuza mbao amesikia, naye akakubali kungoja au angeweza kukataa. Yule aliyeweka tarehe ya leo amemnyima mwenzake habari hiyo. Amemfanya achukue hatari asiyoijua, naye amejificha nyuma ya karatasi. Kwa hiyo sheria, ikisomwa kwa moyo wake, haiadhibu akaunti tupu. Inaadhibu kuficha. Masikini aliyesema kuwa ni masikini hakumdanganya mtu.

Hata hivyo yafaa kukiri kwamba fundi wa Nakuru hatoshani na laghai. Ametumaini jambo lenye msingi, na kama hakimu atafuata ile hekima ya mwaka 1874, ataona kuwa katika mwendo wa kawaida hundi ile ilikuwa ilipwe. Ameficha, lakini ameficha udhaifu wa siku mbili. Wapo wengine walio chini yake kwa daraja. Yuko asiyetazama akaunti yake kwa makusudi, ili akiulizwa aseme kuwa hakujua. Kifungu kinadai kujua, na huyu ameuchagua ujinga kama mtu achaguavyo joho la kuvaa mahakamani. Kwa maadili ujinga wa kutafutwa ni aina ya kujua, na hakimu akiupa jina hilo hatakuwa amemwonea. Tena yuko mwandika tarehe ya mbele ambaye tangu siku ya kwanza hakuwa na nia ya kulipa. Huyo alisema kweli juu ya leo akasema uwongo juu ya moyo wake, na kijifungu cha huruma humpitisha mlangoni pamoja na wema. Sheria haina taa ya kumulika moyo, na pengine ni heri mmoja wa namna hiyo apite kuliko wadeni mia wafungwe kwa kushukiwa.

Mpaka hapa maswali yote ameulizwa mtoa hundi. Mpokeaji hajaulizwa neno, naye ndiye asiyependa kuulizwa. Katika nchi nyingi imekuwa desturi ya wakopeshaji na wenye nyumba kudai hundi si kwa ajili ya kulipwa, bali kwa ajili ya kuishika. Mkopeshaji anajua vyema kuwa akaunti haina kitu. Ndiyo sababu mtu anakopa. Anaichukua hundi, anaiweka katika mtoto wa meza, na siku ya hitilafu anaipeleka benki, huku akijua kuwa itarudi, ili irudi. Je, huyo amedanganywa? Hakuambiwa uwongo wo wote, na kama uwongo upo basi wameushiriki wote wawili. Alichonunua mkopeshaji kwa fedha zake ni uwezo wa kumtisha mwenzake kwa gereza. Hundi imegeuka rehani, na kilichowekwa rehani ni mwili wa mdaiwa.

Watu wengi wa Afrika ya Mashariki waliokwenda kufanya kazi katika Falme za Kiarabu waliiona desturi hiyo kwa macho yao. Huko kodi ya nyumba ililipwa kwa hundi kadhaa za tarehe za mbele zilizoandikwa zote siku moja, na benki ilipotoa mkopo ilichukua hundi ya dhamana. Aliyepoteza kazi alikuwa amekwisha saini sababu ya kufungwa kwake miezi mingi kabla ya kosa. Sheria ya nchi hiyo ilitaja nia mbaya, lakini hundi iliyorudi ilitosha aghalabu kuwa ushahidi wa nia.

Hapo pana hatari ya zamani sana, nayo haikuzaliwa na hundi. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la Alonzo Bailey, mtu mweusi wa Alabama, ambaye alikuwa amefunga mkataba wa kazi ya shamba wa mwaka mmoja kwa mshahara wa dola 12 kwa mwezi, akapewa kabla dola 15. Baada ya mwezi mmoja na siku chache aliacha kazi bila ya kurudisha fedha. Sheria ya Alabama ilisema kuwa kuacha kazi na kutorudisha fedha bila sababu ya haki kulitosha kuonyesha kwamba mtu alikuwa na nia ya kulaghai tangu mwanzo. Tena kwa kanuni za ushahidi za jimbo hilo mshitakiwa hakuruhusiwa kusimama akaeleza nia yake ilikuwa nini. Mahakama Kuu iliibatilisha sheria hiyo, kwa kuwa chini ya jina la ulaghai ilikuwa inamlazimisha mtu kufanya kazi ili kulipa deni, jambo ambalo katiba ya nchi ililikataza pamoja na utumwa. Mfano huo unafaa kwa hundi neno kwa neno. Sheria inapochukua kushindwa kwa leo na kukugeuza kuwa ushahidi wa uwongo wa jana, imemrudisha mdaiwa gerezani kwa mlango wa nyuma, baada ya mlango wa mbele kufungwa.

Na mlango wa mbele umefungwa kweli. Uingereza ilikomesha sehemu kubwa ya kifungo cha madeni kwa sheria ya mwaka 1869. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa mwaka 1966, ambao Kenya iliuingia mwaka 1972, unakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ya kutoweza kutimiza wajibu wa mkataba. Neno lililobeba mzigo hapo ni kutoweza. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa madai bado inamruhusu hakimu kumweka mdaiwa katika gereza la madai, lakini kwanza hutaka ionekane kuwa mtu huyo ana uwezo na anakataa, au ameficha mali, au anataka kutoroka. Mafakihi wa Kiislamu walikwisha kata shauri hilo karne nyingi kabla: mwenye dhiki apewe muhula, na mwenye uwezo anayechelewesha ndiye dhalimu.

Hata hivyo haitakuwa insafu kumwacha mwuza mbao nje ya mlango. Naye ana watoto, naye anadaiwa na mwenye msumeno. Akiambiwa afungue madai, atangoja hukumu kwa miaka, na mdaiwa mjanja atakuwa amekwisha hamisha mali yake. Malalamiko yake ni ya kweli, na ndiyo yaliyoifanya India kuongeza, kwa sheria ya mwaka 1988, kifungu cha 138 katika sheria yake ya hati za fedha ya mwaka 1881. Kusudi lake lilikuwa kuipa hundi heshima sokoni. Kifungu hicho kilifanya hundi iliyorudi kuwa kosa la jinai lenye adhabu ya kifungo, ambacho kwa sheria ya mwaka 2002 chaweza kufika miaka miwili, au faini ya hadi mara mbili ya kiasi cha hundi. Kina uungwana fulani: mwenye hundi hana budi kumpelekea mwandika hundi taarifa, na huyo ana siku 15 za kulipa kabla kosa halijakamilika. Lakini kifungu cha 140 kinaongeza jambo zito, kwamba si utetezi kusema mtu hakuwa na sababu ya kudhani hundi yake ingekataliwa. Kujua, ambako Kenya imekufanya kuwa nguzo ya kosa, kumeng'olewa.

Matokeo yake yamo katika kumbukumbu za mahakama. Kufikia mwisho wa mwaka 2019 mashauri ya hundi yaliyokuwa yakingoja katika mahakama za India yalipita milioni 3.5, ambayo ni zaidi ya moja ya kumi ya mashauri yote ya jinai yaliyongoja, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ililazimika kutafuta njia za kuyaharakisha. Mwuza mbao aliyekimbia ucheleweshaji wa madai ameukuta umemtangulia katika jinai. Dola imekuwa mtoza madeni wa watu binafsi, na polisi na hakimu wamekuwa watumishi wa duka.

Ufaransa ilikwenda njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1991 kutoa hundi isiyo na fedha kulikoma kuwa kosa la jinai kwa peke yake. Aliyetoa hundi hiyo hunyang'anywa haki ya kuandika hundi mpaka atakapoweka mambo sawa, au mpaka ipite miaka mitano. Anayeondoa fedha kwa nia ya kumdhuru mwenzake bado ataadhibiwa. Adhabu ya aina hiyo inalingana na kosa kwa namna ya kupendeza: aliyeitumia sahihi yake vibaya ananyimwa kuitumia, na hapana asiyejua sababu. Falme za Kiarabu nazo zilibadili sheria yake, na tangu Januari 2022 ukosefu wa fedha peke yake si jinai tena. Benki hulazimika kulipa kiasi kilichopo hata kama hakitoshi, na mwenye hundi huweza kwenda moja kwa moja kwa hakimu wa utekelezaji kwa ajili ya kilichobaki, bila ya kufungua madai mapya. Waliobaki na kosa ni wale walioiagiza benki isilipe bila sababu ya haki, au waliofunga akaunti, au waliokomba fedha, au waliosaini kwa makusudi namna ambayo benki itaikataa. Mwuza mbao amepewa alichokuwa anakihitaji, yaani fedha zake upesi. Kile alichokuwa anakitamani kwa hasira hakupewa.

Mtu wa tatu katika shauri hili, benki, hutajwa mara chache, labda kwa kuwa hana uso. Lakini naye anaweza kukosa. Tangu mwaka 1830 mahakama za Uingereza zilikwisha amua kwamba benki inayokataa hundi ilhali fedha zimo inamvunjia mteja mkataba wake, hata kama hakupata hasara ya kuonyeshwa. Jina la mfanya biashara laweza kuharibiwa na karani aliyesoma safu isiyo yake.

Katika Kenya ya leo hundi inapungua mikononi mwa watu. Mwaka 2009 Benki Kuu iliiwekea kikomo cha shilingi 1,000,000, na tangu mwaka 2007 M-Pesa imewazoeza watu wa sokoni kulipana kwa simu. Simu haina siku kati ya kuandika na kujibu. Fedha zisipotosha, ujumbe hukataa papo hapo, mbao zikali bado katika ghala. Nafasi ile ambamo fundi wa Nakuru aliweza kutumaini au kudanganya imezibwa. Lakini fundi bado hana fedha mpaka Jumatano, na bado anataka mbao Jumatatu. Sasa anamwambia mwuza mbao kwa kinywa, mbele ya watu wawili, kwamba atalipa Alhamisi. Alhamisi inafika, naye hana. Mwuza mbao anakasirika vile vile, anapata hasara ile ile, na pengine aliyaamini maneno ya kinywa kuliko ambavyo angaliamini karatasi. Hata hivyo haendi polisi, wala haimjii fikira ya kwenda. Anamwendea fundi mwenyewe, wanakaa juu ya benchi, wanagawa deni katika mafungu matatu.